Wachoraji wa Kolo Walijua Walichokiacha

Makutupora ya Dodoma inajulikana kwa maji na kwa zabibu: visima vyake vimeinywesha Dodoma kwa miaka mingi, na kituo chake cha utafiti ndicho kinachowasaidia wakulima wa mizabibu. Kwa sanaa haitajwi. Lakini barabara inayopita hapo kwenda kaskazini, ukiifuata kupitia Chemba na mji wa Kondoa, inakufikisha Kolo, kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, na huko kuna mkusanyiko wa michoro ya miambani ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lililoorodheshwa lina kilomita za mraba 2,336, na majabali yenye michoro ndani yake ni zaidi ya 150. Watu huyaita mapango, ingawa mengi si mapango ya giza. Ni miamba mikubwa iliyojiinamia mbele kama paa la baraza, mwanga ukiingia, mvua ikibaki nje. Kwenye kuta za baraza hizo wamechorwa watu na wanyama, na juu ya hao watu ndipo hukumu moja ya haraka hutolewa mara nyingi: kwamba aliyewachora hakujua kuchora. Hukumu hiyo si ya kweli, na kuipinga ni njia nzuri ya kueleza uchoraji wenyewe ni kitu gani.

Tuanze na kinacholalamikiwa. Watu wa michoro myekundu ya Kolo wana viwiliwili virefu kupita kiasi, vyembamba kama mabua ya uwele, na mikono iliyovutwa kama nyuzi. Vichwa vya baadhi yao ni vikubwa, vya duara au vyenye mistari mingi inayoweza kuwa nywele, vilemba au vinyago, na mara nyingi ndani ya vichwa hivyo hakuna macho, pua wala mdomo. Mtu aliyezoea picha ya kitambulisho husema hapa pana kasoro. Sasa ageuze shingo kidogo, atazame wanyama katika michoro ya jadi hiyo hiyo. Twiga ana mteremko wa mgongo unaomstahili, na pofu ana uzito wa kifua chake. Utawatambua bila kuambiwa. Mkono ulioweza kumpata pofu kwa mistari michache haushindwi na kiuno cha binadamu, tena binadamu ambaye mchoraji alimwona kila siku, akiwa amesimama, amelala na akicheza ngoma. Kwa hiyo urefu ule haukutokana na kushindwa. Ulichaguliwa. Mnyama alipewa umbo lake la machoni, binadamu akapewa umbo jingine, na tofauti hiyo imerudiwa kwenye majabali mengi mno kuwa bahati mbaya.

Hapa ndipo lilipo jambo la msingi ambalo masomo ya uchoraji hulifunika kwa orodha ya maneno: mstari, umbo, rangi, nafasi, mpangilio. Maneno hayo ni sahihi, lakini mwanafunzi anaweza kuyakariri yote asijue kwamba kila moja ni swali linalomtaka mchoraji aamue. Duniani hakuna mstari unaomzunguka twiga. Kuna ngozi inayoishia mahali na anga inayoanzia hapo, na anayechora mstari pale ameshakubali kuacha uzito, joto, harufu na mwendo, abaki na ukingo tu. Rangi ni vivyo hivyo. Wa Kolo walichora twiga mzima kwa wekundu mmoja, nasi tunamjua ni twiga, kwa sababu mabaka siyo yaliyombeba, shingo ndiyo iliyombeba. Basi kuchora ni kupunguza, na ufundi wa mchoraji hupimwa kwa alichokiacha sawasawa na alichokiweka.

Atakayesema kwamba mchoro bora ni ule unaofanana na kitu chenyewe, wenye vivuli na umbali kama wa dirishani, anakitaja kipimo chenye tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kanuni ya kuonyesha umbali kwa mistari inayokutana upeoni ilipata maelezo yake ya kihesabu mjini Florence katika karne ya 15. Leon Battista Alberti aliiandika mwaka 1435. Kabla ya hapo Wamisri walikuwa wamechora kwa miaka zaidi ya 2,000 uso ukitazama pembeni, jicho likitazama mbele na mabega yakiwa mapana kama ya mtu anayekukabili. Anayeona makaburi yao hasemi Wamisri walikosa mwalimu. Karibu zaidi na sisi, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya ubao wa kushindiliwa, wanyama wake walisimama kwenye ubapa usio na upeo wala kivuli. Picha hizo zimenunuliwa na watu wa kila bara, wala hakuna mnunuzi aliyerudi kudai kivuli. Sidai kwamba Tingatinga aliiga Kolo. Ninachosema ni kwamba ubapa ni chaguo linaloheshimika likifanywa Dar es Salaam, na haliwezi kugeuka kasoro likifanywa Kondoa.

Uamuzi ulianza kabla ya mstari wa kwanza, kwenye rangi yenyewe. Wekundu wa Kolo ni ngeu, jamaa ya ile ambayo mafundi seremala wa zamani waliipakaza kwenye uzi wa kupigia mstari ubao. Ngeu ni madini ya chuma kilichoshikana na oksijeni, ndugu wa kutu ya bati, na ndiyo hiyo hiyo inayoupa udongo wa nyanda za kati wekundu wake. Lakini udongo mwekundu ukiuchota tu na kuupaka ukutani utakauka na kudondoka. Lazima upate donge lenye chuma kingi, ulisage juu ya jiwe hadi liwe unga laini, kisha uchanganye na kitu cha kimiminika cha kuushika unga, kama mafuta ya mnyama, utomvu au ute wa yai. Ukizidisha maji rangi huchuruzika, ukizidisha unga hukatika katikati ya mstari. Mistari ya vichwani mwa watu wa Kolo ni myembamba kiasi kwamba haikuweza kupakwa kwa kidole. Ilihitaji kitu cha ncha, kama unyoya au kijiti kilichochanwa nyuzi. Aliyechora hivyo ni mtu aliyejiandaa, na huenda alijifunza kwa mwingine. Chembe za ngeu ni ndogo sana na huingia katika vinyweleo vya jiwe, ndiyo sababu wekundu umedumu huku rangi nyingine zikibanduka.

Pingamizi zito kuliko yote linasema: hii ilikuwa ibada, si sanaa, kwa hiyo kuipima kwa mstari na mpangilio ni kuivisha nguo isiyo yake. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mungomi wa Kolo, mahali panapojulikana zaidi kwa michoro hiyo, bado ni mahali pa matambiko kwa Warangi wa eneo hilo, pa kuombea mvua na uponyaji, na mgeni anayeingia pale kama anaingia jumba la maonyesho tu amekosa adabu. Hata hivyo pingamizi linadhani kwamba kitu chenye kazi hakiwezi kuwa sanaa, na Kiswahili chenyewe kinalikataa wazo hilo. Neno sanaa tulilipata kwenye Kiarabu likiwa na maana ya kutengeneza kwa ustadi. Mlango wa Zanzibar ulionakshiwa hufungwa na komeo usiku, kanga hufunga mtoto mgongoni, na ngoma ya Wagogo ina msimu wake na sababu yake. Isitoshe, si kila mchoro wa miambani ulikuwa wa ibada. Mtafiti Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe katika nchi iliyo magharibi ya Kondoa, aliandika mwaka 1971 kwamba kuchora miambani kulikuwa bado ndani ya kumbukumbu ya watu, na kwamba sababu zilikuwa zaidi ya moja: kulikuwa na michoro ya kutafuta bahati ya mawindo, ya tambiko kwa mizimu ya ukoo, na mingine iliyochorwa kwa kujipitishia wakati tu. Tambiko linahitaji umbo linaloeleweka kwa waliokusanyika, na umbo hilo lazima mtu mwenye mkono alitafute.

Kuna michoro mingine ambayo hata watetezi wa Kolo huionea haya, nayo ni ile myeupe. Mingi imepakwa juu ya myekundu, na kwa kuwa cha juu huja baada ya cha chini, tunajua ni ya baadaye. Kwa kawaida huhusishwa na wakulima wanaozungumza lugha za Kibantu. Imepakwa kwa kidole, minene, yenye duara, mistari na wanyama wa mkato, na vitabu vya zamani vimeieleza kama uchoraji uliochakaa baada ya uzuri kwisha. Nadhani hapo tunarudia kosa lile lile kwa sura mpya. Mstari mwembamba wa ngeu unamtaka mtazamaji asogee hadi pua ikaribie jiwe. Weupe mzito unaonekana na kundi la watu waliosimama mbali, hata jioni. Mwandishi wa barua na mwandishi wa bango hawashindani kwa unene wa herufi. Nakiri kwamba kwa macho yangu wekundu ndio unaovutia zaidi, lakini mapenzi yangu hayawezi kuwa ushahidi kwamba waliokuja nyuma walisahau kuchora.

Swali la umri nalo lijibiwe kwa kiasi. Ngeu haina kaboni ya kupimwa, hivyo mchoro mwekundu hauwezi kutaja mwaka wake kama kipande cha mkaa kinavyoweza. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba chini ya jabali la Kisese, eneo hilo hilo la Kondoa, ambako mwanaakiolojia mwenzake Mary Leakey alikuwa ametangulia kuchimba mwaka 1951, na vipimo vya karne hii vimeonyesha kwamba shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilizotoka humo zina miaka zaidi ya 40,000. Shanga hazithibitishi umri wa picha iliyo ukutani juu yake, na mwandishi anayeziunganisha hivyo anajenga nyumba bila msingi. Zinathibitisha jambo jingine, nalo si dogo: katika nchi hii watu walikaa chini wakatoboa na kuchonga duara ndogo kwa ajili ya uzuri, wakati picha nyingi maarufu za mapango ya Ufaransa zilikuwa bado hazijachorwa. Kusini zaidi, katika pango la Blombos la Afrika Kusini, kuna vipande vya ngeu vilivyochanjwa mistari ya kukingamana yapata miaka 75,000 iliyopita. Basi somo la historia ya sanaa linaloanzia Lascaux, pango la Ufaransa lililogunduliwa mwaka 1940, linaanzia katikati ya kitabu.

Ulaya nako watu hawakuamini macho yao. Michoro ya Altamira, Hispania, ilipotambuliwa mwaka 1879, wataalamu waliikataa kwa kuwa ilikuwa mizuri mno kwa watu wa kale, na ilichukua hadi mwaka 1902 kwa mkosoaji mkubwa, Émile Cartailhac, kukiri hadharani kwamba alikosea. Kule picha zilikataliwa kwa kufanana mno na vitu vyake, huku Kolo zinadharauliwa kwa kutofanana. Katika hali zote mbili mtazamaji alikuja na jibu mkononi.

Mary Leakey hakuja hivyo. Mwaka 1951, ule ule aliochimba Kisese, alikaa miezi kadhaa Kondoa akinakili michoro, akapata nakala zipatazo 1,600, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Picha mojawapo ya Kolo aliyoinakili ina watu watano warefu: mmoja katikati, anayeonekana ni mwanamke, ameshikwa mikono na watu wawili kila upande. Leakey aliona utekaji, upande mmoja ukimvuta na mwingine ukimzuia. Wengine baadaye, wakikumbuka ngoma ya simbo ya Wasandawe ambamo mchezaji hupagawa, wameona mtu anayeshikiliwa asianguke. Ni sawa kutokubaliana, lakini tazama wanabishana juu ya nini: juu ya mkono mmoja uliovutwa na mwili mmoja ulioinama. Mchoraji aliacha nyuso, nguo, ardhi na anga, akabakiza mvutano, nao bado unavuta watazamaji wake pande mbili.

Mwaka 2018, katika Pori la Akiba la Swaga Swaga, upande ule wa Wasandawe, mtafiti Maciej Grzelczyk alifika kwenye jabali liitwalo Amak'hee 4, akachapisha alichokiona mwaka 2021. Kati ya safu ya watu wekundu kuna watatu wenye vichwa vilivyopinda kama pembe za nyati, zikishuka katikati na kuinuka pembeni. Miili ni ya watu. Rangi imebaki kwa sababu jabali limejiinamia mbele vya kutosha, na maji ya mvua hudondoka nje ya mahali alipoegemea mchoraji.