Chakula Kilichofungwa Udongoni

Katika nchi ya Buha, toka Kasulu hata Kibondo, udongo wa mahali pengi ni mwekundu, na mvua ni nyingi. Huko mtu aweza kuona migomba iliyo karibu na nyumba imenawiri, hali mahindi ya shamba la mbali yamedumaa, na majani yake yamegeuka zambarau kingoni. Mbegu ni njema, wala palizi haikukosekana. Basi, mahindi yale yana njaa gani?

Ni njaa ya fosforasi, chakula kinachokuza mizizi na kukomaza mbegu. Huenda imo udongoni, lakini imefungwa. Mvua ya miaka mingi imeichukua chokaa ya asili, ikauacha udongo na uchachu. Na katika udongo mchachu madini ya chuma na alumini huishika fosforasi kwa nguvu, hata mizizi isiweze kuinyonya. Tena alumini ikiyeyuka ni sumu: ncha za mizizi huwa fupi na butu, zisifike mbali kutafuta chakula.

Chokaa huupunguza uchachu huo. Mizizi hupata nafasi ya kukua, na baadhi ya fosforasi hufunguliwa. Lakini chokaa si fosforasi. Shamba lililoishiwa halitashiba kwa chokaa peke yake. Lahitaji mbolea, kama ile ya mawe ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Tena chokaa ikizidi, yenyewe huifunga fosforasi upya. Yafaa isagwe laini, ichanganywe na udongo kwa jembe majuma kadhaa kabla ya kupanda, maana ikiachwa juu haishuki upesi.

Samadi hufanya kazi mbili. Huleta fosforasi iliyokuwa katika majani waliyokula ng'ombe. Na inapooza hutoa vitu vinavyokaa mahali ambapo chuma na alumini zingeishika fosforasi, kama mgeni aliyewahi kiti. Ndiyo siri ya migomba ya nyumbani: hupata samadi, takataka za jikoni, na majivu, ambayo nayo yana chokaa ndani yake. Lakini sehemu ya utajiri huo ilitoka shamba la mbali, ikabebwa ndani ya mavuno, wala haikurudishwa. Mwenye ng'ombe wachache, asiyeweza kulitosheleza shamba lote, heri aitie samadi shimo kwa shimo, karibu na mbegu, kuliko kuitawanya.