Jua Likipatwa, Usimame Wapi?

Ukingo wa Manga, baina ya Kisii na Nyamira, waufungua upeo hadi upande wa Ziwa Victoria. Mwenyeji wangu anausifu kwa kutazamia jua likipatwa. Mimi nasita: milima iliyoneemeka kwa chai hupenda mawingu ya alasiri. Tena tarehe 3 Novemba 2013 jua huku lilimegwa tu; giza kamili lilipita Turkana, sekunde zisizofika 20, na waliosafiri hadi Sibiloi wakazibwa na vumbi na mawingu.

Mwenye nauli na atazame mbele. Tarehe 2 Agosti 2027 giza litapita juu ya Makka yenyewe, dakika 5 hivi, mchana wa kiangazi. Sisi wa kubaki tutaona kipande, na sala ya kusufu tutaiswali papa hapa, rukuu mbili kila rakaa.