Tembo la mnazi

Tembo la mnazi ni kileo kinachotokana na utomvu wa mnazi (Cocos nucifera) uliochacha. Ni kinywaji cha zamani cha pwani ya Afrika Mashariki. Katika pwani ya Kenya huitwa mara nyingi mnazi tu. Nchini Tanzania hugemwa katika maeneo yenye minazi mingi, yakiwemo ya Tanga na Bagamoyo. Katika wilaya ya Bagamoyo minazi hustawi zaidi karibu na bahari; bara kidogo, kama katika kata ya Kiwangwa kwenye barabara ya kwenda Msata, zao linalojulikana zaidi ni nanasi.

Jina

Neno "tembo" lina maana mbili, na sarufi ndiyo inayozitofautisha. Mnyama ni "tembo huyu", kinywaji ni "tembo hili". Anayepanda mnazi kukusanya utomvu huitwa mgema, na kazi yake ni kugema.

Ugemaji

Mgema huchagua shada la maua likiwa bado ndani ya ala yake, yaani karara. Hulifunga kwa kamba, hulipinda polepole kwa siku kadhaa, kisha hukata ncha yake kwa kisu kilichopinda kiitwacho kotama. Utomvu hudondoka ndani ya kibuyu au chombo kingine kilichofungwa hapo. Mgema hupanda asubuhi na jioni ili kukusanya utomvu na kukata tena kipande chembamba, kwa sababu jeraha likikauka utomvu husimama.

Shada linalogemwa halizai nazi. Kwa hiyo mwenye shamba huchagua kati ya fedha ya kila siku ya tembo na mavuno ya nazi ya baadaye. Kazi yenyewe ni ya hatari, kwani mnazi mrefu unaweza kufikia mita 20 au zaidi, na mgema hupanda kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina.

Kuchacha

Utomvu unapotoka tu ni mtamu, una sukari ya takriban asilimia 12 hadi 15 na karibu hauna kileo. Hamira iliyomo hewani na kwenye chombo huanza kazi mara moja: hugeuza sukari kuwa kileo na gesi ya kaboni dioksidi. Bakteria huongeza uchachu. Ndani ya siku moja kileo hufikia asilimia 4 hadi 6 hivi, sawa na bia nyingi. Likiachwa zaidi, bakteria wengine hugeuza kileo kuwa asidi, na tembo huwa siki.

Ladha na namna ya kulitambua

Umri wa tembo huhesabiwa kwa saa. Anayelionja huangalia mambo manne:

- Rangi: tembo zuri ni jeupe kama maji ya mchele. Weupe huo hutokana na hamira na bakteria waliozagaa ndani yake.
- Povu: tembo linalochacha huchemka lenyewe kwa viputo vidogo. Lisilo na povu limezeeka au limetiwa maji.
- Harufu: hukaribia ile ya unga ulioumuka. Harufu kali ya siki ni dalili kwamba wakati wake umepita.
- Ladha: la asubuhi ni tamu na jepesi, la jioni ni kali, lenye uchachu unaobaki ulimini.

Hapa ndipo linapotofautiana na bia za chupa. Bia nyeusi aina ya stauti, kwa mfano, hupata rangi na uchungu kutokana na nafaka iliyokaangwa, na ikiongezwa oti huwa nzito na laini mdomoni. Bia ya kiwandani aghalabu huchujwa au kupashwa moto ili ikae miezi mingi. Tembo halingoji. Likifungwa kwa nguvu ndani ya chupa, gesi huendelea kuongezeka na chupa inaweza kupasuka.

Methali na afya

Methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" huwaonya watu dhidi ya kulewa sifa. Ina pia ukweli wa moja kwa moja: kuongeza maji ni njia rahisi ya kuongeza mapato. Maji yasiyochemshwa yanaweza kuleta kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo, na kileo kidogo kilichomo katika tembo hakitoshi kuua vimelea. Usafi wa kibuyu na uaminifu wa mgema ni muhimu kuliko ukali wa kinywaji.

Tembo likikenekwa hutoa pombe kali iliyoitwa zarambo. Pombe kali zinazokenekwa kienyeji bila kibali, kama gongo, ni haramu kisheria nchini Tanzania, na baadhi zimesababisha upofu na vifo zikiwa na methanoli.

Waislamu, ambao ni wengi pwani, wamekatazwa vileo na dini yao. Utomvu usiochacha hata hivyo ni kinywaji kitamu tu. Tembo limetumika pia jikoni kama hamira ya kuumulia unga.

Hali ya sasa

Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika pwani ya Tanzania Bara, na mingine imekatwa kupisha nyumba. Minazi ikipungua, ujuzi wa kugema hupungua nao.