Chanjo ya Kutibu UKIMWI: Imefika Wapi?



Kila redio inapotangaza habari za chanjo ya UKIMWI, katibu huulizwa swali lilelile: je, mwanachama anayemeza vidonge kila siku aweza sasa kuviacha? Jibu ni hapana, na muulizaji anastahili kuelezwa sababu.

Chanjo tuliyoizoea, mathalani ya surua, hutangulia ugonjwa. Chanjo ya kutibu hupewa mtu ambaye virusi vimo mwilini mwake tayari. Shabaha yake ni kuzifunza chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe za T. Zile za CD4 huongoza ulinzi wa mwili, nazo ndizo zinazovamiwa na virusi. Zile za CD8 ni wauaji: hukagua chembe nyingine za mwili, na ikikutwa yenye alama ya virusi, huangamizwa.

Tatizo ni kwamba virusi hujipachika ndani ya vinasaba vya chembe za CD4, vikalala humo pasipo kuonyesha alama yoyote. Mwenye ghala la mahindi atafahamu upesi. Dawa ya unga humwua fukusi atembeaye juu ya punje, lakini buu aliye ndani ya punje haguswi, na siku zake zikitimia hutoka. Hivyo ndivyo vidonge vinavyozuia virusi kuzaana bila kuvigusa vilivyolala. Vikiachwa, kwa watu wengi virusi hurudi katika majuma machache. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, huenda amepona. Alikaa zaidi ya miaka 2 bila dawa, lakini mwaka 2014 virusi vikaonekana tena.

Isitoshe, virusi hubadili sura, na muuaji aliyefunzwa sura ya jana hupitwa. Hata hivyo wapo watu wachache, chini ya 1 katika kila 100 walioambukizwa, ambao miili yao huvidhibiti virusi bila dawa. Kwa wengi wao chembe za CD8 hulenga sehemu ambazo virusi haviwezi kuzibadili bila kudhoofika. Sehemu hizo ndizo zinazolengwa na chanjo mpya.

Matokeo hayajalingana. Nchini Uingereza watu 60 walishiriki jaribio lililounganisha chanjo na dawa ya kuviamsha virusi vilivyolala; taarifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba akiba ya virusi haikupungua kuliko kwa waliotumia vidonge pekee. Hispania ilileta habari njema kidogo mwaka 2022. Miongoni mwa wasio na kinga maalumu ya kuzaliwa, 8 kati ya 20 waliochanjwa walikaa majuma 22 bila vidonge. Kati ya 12 wasiochanjwa alikuwa 1 tu. Idadi hiyo ni ndogo mno, wala hakuna aliyetangazwa kupona.

Hao walisimamisha vidonge chini ya uangalizi wa waganga, damu ikipimwa mara kwa mara, na virusi vilipopanda walirudishiwa dawa. Mwanachama aviachaye nyumbani kwake hana wa kumpima.