MIZANI YA RANGI

Mkulima wa pamba wa Usukumani katika siku za ukoloni aliijua mizani kuliko alivyomjua mwenye mizani. Alilima tangu mvua za kwanza, akapalilia pamoja na mkewe na wanawe, akachuma, akatenga pamba safi na chafu kwa mikono yake, kisha akafunga mzigo na kuupeleka sokoni. Huko jasho la mwaka mzima liliwekwa juu ya chombo cha chuma. Mtu mwingine akasoma uzito, mtu mwingine akaandika, na mkulima akapewa fedha alizoambiwa kuwa ndizo haki yake. Ikiwa jiwe la mizani lina kasoro, basi hata karani mpole, mwenye kuamkiana na watu vizuri, aliwadhulumu wote waliopita mbele yake, na pengine yeye mwenyewe asijue.

Wasomaji wetu wapenzi, mfano huu wa mizani ndio tunaotaka kuutumia leo kueleza jambo ambalo wengi wetu hulielewa nusu, nalo ni ubaguzi wa rangi. Tukisikia neno hilo humfikiria mtu mwenye moyo mbaya anayemtukana mwenziwe. Mtu huyo yupo. Lakini dhulma iliyo kubwa zaidi ni ile iliyotiwa ndani ya kanuni, ikaandikwa kwa wino, ikapigwa mhuri, ikawa yafanya kazi yake hata mikononi mwa watu wasio na chuki. Historia ya Geita na Shinyanga yatupa ushahidi wa wazi.

Usawa usiokuwa sawa

Katika mwaka 1955 serikali ya Kiingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliongeza viti katika Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wasiokuwa wa upande wa serikali waliwekewa viti 30: Waafrika 10, Waasia 10, na Wazungu 10. Gavana wa wakati huo, Sir Edward Twining, aliutetea mpango huu kuwa ni usawa wa rangi zote. Na mtu akisoma juu juu ataona ni kweli: kumi, kumi na kumi.

Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha kuwa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na nusu. Waasia, pamoja na Waarabu, hawakufika 100,000. Na Wazungu walikuwa wapatao 20,000. Maana yake ni kwamba Mzungu mmoja alipimwa sawa na Waafrika mia nne na zaidi. Hapakutamkwa tusi lolote. Kasoro ilikuwa katika jiwe la mizani.

Kanuni za uchaguzi wa 1958 na 1959 zikaifuata mizani hiyo hiyo. Mwenye kutaka kupiga kura alitakiwa awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo miongoni mwa vyeo vilivyotajwa. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi.

Sasa tazameni jinsi kanuni moja inavyoshikana mkono na nyingine. Shule nazo zilikuwa zimetengwa: za Wazungu mbali, za Waasia mbali, na za Waafrika mbali. Mtoto wa Kisukuma aliyekosa nafasi ya shule hakufika darasa la nane. Asiyefika darasa la nane hakupata kazi ya mshahara mzuri. Asiyekuwa na elimu wala mshahara hakupata kura. Na asiyekuwa na kura hakuwa na njia ya kuibadili kanuni iliyomnyima shule. Duara limefungwa, na ukitafuta mtu mmoja wa kumlaumu humpati. Kila karani alikuwa akitimiza wajibu wake tu.

Watu wa Geita wakataa

Chama cha TANU, kilichoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, hakikupewa ruhusa ya kufanya kazi Usukumani kwa miaka kadhaa, mpaka ulipofika mwaka 1958. Mwaka huo huo serikali iliwawekea watu wa Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, ijapokuwa wasiokuwa Waafrika katika wilaya ile walikuwa wachache mno. Wakulima waliona kwamba mizani ya Dar es Salaam sasa inaletwa mlangoni pao, wakaihofia ardhi yao na uwezo wao wa kujiamulia mambo. Wakakataa. Watu wengi sana walitoka Geita, wakavuka ghuba mpaka mjini Mwanza kupeleka malalamiko yao, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa machozi. Lakini baraza lile halikudumu, na TANU ikaruhusiwa tena Usukumani.

Watu hawa walikuwa wamekwisha kujifunza somo lao katika pamba. Hawakutosheka kunung'unika kwamba wanunuzi ni wabaya. Wala si haki kusema kuwa kila mfanya biashara wa Kihindi alikuwa mwizi. Wao waliishughulikia mizani yenyewe. Waliweka watu wao wa kusimama penye kipimo na kuangalia uzito, kisha wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa jina la VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani, hata ushirika ukawa ndio mnunuzi wa pamba yao.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, kanuni za rangi zikaondolewa moja baada ya moja. Mwaka 1962 shule za serikali zikaacha kuwa za rangi hii na rangi ile.

Mizani iliyobaki mikononi mwetu

Je, mizani ya rangi ilivunjika siku ile? Laiti ingekuwa hivyo! Katika nchi hiyo hiyo ya dhahabu, tangu miaka ya 2006 na 2007, yamesikika mambo ya kutisha: watu wenye ualbino wanauawa na kukatwa viungo, kwa sababu baadhi ya waganga wamewaaminisha wachimbaji na wavuvi kwamba viungo hivyo huleta bahati ya mali. Mwafrika, mwana wa Waafrika, anawekewa bei kwa ajili ya ngozi yake. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Mwezi Februari 2015 huko Chato, mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa kutoka kwa mama yake, akakutwa amekufa. Na mwaka 2024 huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu alifanyiwa vivyo hivyo.

Muuaji ni mwenye moyo mbaya, hapana shaka. Lakini hapa pia lipo duara lisilokuwa na panga. Ualbino ni maumbile ambayo mtoto huyarithi kwa baba na kwa mama pamoja. Ngozi hukosa rangi ya kuikinga na jua, na macho huwa dhaifu. Mtoto kama huyu akiketishwa nyuma darasani haoni ubao. Asiyeona ubao hushindwa mtihani. Aliyeshindwa mtihani hupata kazi ya jembe au ya kuuza vitu barabarani, juani mchana kutwa. Na jua humletea saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Mwalimu hakumchukia. Alimpanga tu pale alipompanga.

Hata hifadhi ina gharama yake. Katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, watoto wengi walikusanywa ili wasiuawe. Walipata usalama, lakini wengine walikulia mbali na mama zao. Mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba serikali haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu hawa. Hukumu hiyo yatukumbusha kwamba kutowatendea watu ubaya hakutoshi, ikiwa kanuni zetu zawaacha bila ya kinga.

Somo la Abu Dharr

Yasimuliwa katika hadithi sahihi kwamba Abu Dharr, sahaba mkubwa na mcha Mungu, siku moja aligombana na mtu akamwaibisha kwa mama yake, na wanavyuoni wengi wataja kwamba mtu huyo alikuwa Bilal na kwamba alimwaibisha kwa weusi wa mama yake. Mtume (s.a.w.) alimkemea, akamwambia kwamba bado ndani yake umo ujahili. Wengi wetu huishia hapo. Lakini Mtume (s.a.w.) hakuishia hapo. Aliendelea kuweka kanuni: aliye chini ya mkono wako mlishe unachokula, mvishe unachovaa, wala usimtwike kazi asiyoiweza. Angalieni hekima hii. Moyo ulikemewa, kisha chakula, nguo na kazi zikapimwa upya. Na Qurani inayotufundisha kwamba tofauti za rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, ndiyo pia inayowaonya vikali wanaopunguza vipimo.

Nasi Waislamu tusijitoe katika lawama. Misafara ya pwani ya karne ya 19 ilipita Unyamwezi na Usukumani na pembe za ndovu na watumwa, na miongoni mwa wenye misafara walikuwamo waliosali sala tano. Neno "mshenzi" tulilowaita watu wa bara halikufa na misafara ile. Leo kijana mwenye dini na tabia njema hukataliwa uposo kwa ajili ya rangi au asili yake, na wazazi husema hawambagui mtu, ni desturi ya ukoo tu. Desturi ya ukoo ndiyo kanuni ya nyumba. Nayo ina jiwe lake la mizani.

Basi kila mwenye nyumba na aikague mizani yake. Akina baba, tazameni mnavyojibu posa. Akina mama, msikubali neno "zeruzeru" litamkwe mbele ya watoto, wala mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino asiachwe peke yake na lawama. Walimu wa vyuo na wa shule, mwekeni mtoto huyo mbele, karibu na ubao na mbali na jua. Mpeni ruhusa ya kofia na mikono mirefu. Enyi vijana, mkiona mnatendewa wema nyinyi na mwenzenu ananyimwa, msiseme tu kwamba nyinyi hamkumdhulumu. Ulizeni nani ameshika mizani, na jiwe lake lina uzito gani, kama walivyouliza wakulima wa Usukumani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopima kwa haki, wapewapo na watoapo. Amin.