Ghuba Iliyokalia Mahali pa Barafu

Watlingit wa Hoonah, kusini-mashariki mwa Alaska, wana jina lao la Glacier Bay. Maana yake ni ghuba iliyokalia mahali pa barafu. Ni jina la watu waliohamishwa: katika karne ya 18 mto wa barafu ulisonga mbele ukawatoa makwao, kisha ukarudi nyuma, na palipokuwa na bonde lao pakabaki bahari.

Mabaharia wa Nahodha George Vancouver walipopima pwani hiyo mwaka 1794, ghuba yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Walikuta ukuta wa barafu na pengo la kilomita 8 hivi. John Muir alifika mwaka 1879 kwa mtumbwi, akiongozwa na Watlingit, akapiga kasia makumi ya kilomita juu ya maji ambayo zamani yalikuwa barafu. Kufikia mwaka 1916 barafu ilikuwa imerudi nyuma karibu kilomita 100.

Kwa hiyo anayeingia Glacier Bay kwa meli anarudi nyuma kwa miaka. Mdomoni, ambako ardhi iliachwa wazi zaidi ya karne mbili zilizopita, kuna msitu mzito wa misprusi wenye kuvu na kuvumwani kila mahali. Mbele kidogo msitu unakatika, vinaanza vichaka vya mialda, ambayo hutia naitrojeni ardhini kama ifanyavyo mikunde shambani kwetu. Mbele zaidi ni mimea mifupi inayotambaa. Mwishoni kabisa ni mwamba mtupu uliokwanguliwa, na mkwaruzo wa barafu bado unaonekana. Mwanaikolojia William Cooper alianza kuweka alama viwanja vyake hapo mwaka 1916 ili aone mimea ikipokezana, na vimeendelea kuchunguzwa hata baada yake.

Hapo ndipo ninapoitetea meli ndogo. Meli kubwa za kitalii, zenye abiria kwa maelfu, haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku. Huenda moja kwa moja hadi kwenye barafu ya Margerie, zikasimama saa moja hivi, zikageuka. Abiria hakanyagi nchi. Ukiwa ghorofa ya kumi, ufuo wote ni kitambaa cha kijani. Meli ya watu 60 au 80 hulala ghubani, huteremsha mashua za mpira na kayaki, na hukupa muda wa kuona pale msitu unapokoma. Bei yake ni kali, sikatai.

Ghuba hii ni fiodi. Fiodi ni nini hasa? Mto wa maji hukata bonde jembamba kama herufi V. Barafu hulijaza bonde zima, ikalikwangua chini na kandoni, likabaki na sakafu pana na kuta zilizosimama; bahari ikiingia humo, hiyo ndiyo fiodi. Kiswahili kina neno hori, yaani chombo cha kulishia ng'ombe, na pia mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Fiodi ni hori kwa maana zote mbili.

Hori hilo lina kizingiti. Barafu inapofika mwisho wake humwaga kifusi ilichokikokota, na kifusi hujenga ukingo chini ya maji. Mlango wa Glacier Bay una kina kidogo, ilhali ndani kina kinazidi mita 400. Pua ya barafu ikiegemea kizingiti, bahari haiwezi kuila kwa kasi. Ikiteleza nyuma hadi kwenye kilindi, huyeyuka na kumeguka upesi kuliko theluji inavyoilisha. Ndiyo maana barafu hii ilianza kukimbia kabla moshi wa viwanda haujawa mwingi, na ndiyo maana barafu jirani ya Johns Hopkins ilisonga mbele kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 huku nyingine zikirudi nyuma. Lakini asije mtu akalifanya hilo kuwa hoja ya kusema joto la leo si kitu: barafu nyingi za Hifadhi ya Glacier Bay sasa zinakonda.

Mbele ya Margerie kuna ukuta wa upana wa kilomita moja na nusu hivi. Usamawati wake unatokana na theluji iliyoshindiliwa hadi ikabaki barafu tupu inayomeza mwanga mwekundu. Kipande kikimeguka, unaona kwanza, sauti inafuata. Watlingit huiita ngurumo nyeupe. Zima injini ya mashua usikilize mapande yanayoelea. Yanatatarika kama mafuta kikaangoni, kwa sababu viputo vya hewa ya kale vinapasuka.

Sili huzalia juu ya mapande hayo, ndiyo maana Mei na Juni mkono wa Johns Hopkins hufungwa kwa vyombo vyote, kayaki zikiwemo. Anayepanga safari ya meli ndogo kwa ajili ya barafu ya Johns Hopkins asubiri Julai.

Hatari kubwa mara nyingi iko mlimani. Barafu iliyokuwa ikiushikilia ukuta wa fiodi ikiondoka, ukuta hukosa egemeo. Tarehe 10 Agosti 2025, alfajiri, mlima uliporomoka ndani ya fiodi nyingine ya Alaska, Tracy Arm, kusini mwa mji wa Juneau, karibu na barafu ya South Sawyer iliyokuwa imerudi nyuma, na maji yakapanda ng'ambo zaidi ya mita 400. Hakuna aliyekufa. Kama ingetokea saa chache baadaye, meli za watalii zingeweza kuwa zimeingia. Kabla ya kulipa, muulize mwenye meli nahodha wake anasimama wapi na kwa muda gani.

Ukitoka, pita Gustavus, kijiji kilicho mdomoni mwa ghuba. Nchi iliyotuliwa mzigo wa barafu bado inainuka, katika eneo hilo kwa kadiri ya sentimita 3 kwa mwaka. Mkazi mmoja ametengeneza uwanja wa golfu juu ya ardhi ambayo miongo michache nyuma ilikuwa ikifunikwa na maji ya bamvua.