Petroli Ghali Siyo Petroli Yenye Nguvu

Wenye motokaa wengi hudhani ya kuwa petroli yenye namba kubwa ya okteni ina nguvu kuliko yenye namba ndogo, na kwa hiyo hulipa fedha zaidi kwenye kituo cha petroli. Dhana hiyo si sahihi. Namba ya okteni haipimi nguvu. Hupima uvumilivu, yaani jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na joto pasipo kuwaka yenyewe.

Ndani ya silinda, pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha cheche ya plagi huuwasha. Moto hutakiwa uenee kwa utaratibu kutoka penye plagi. Petroli isiyo na uvumilivu ikibanwa mno, sehemu yake hulipuka kwa ghafula kabla moto huo haujaifikia. Ndipo dereva husikia mlio kama wa misumari itikiswayo ndani ya debe, hasa gari likipanda mlima na mzigo. Mlio huo ukiendelea huweza kutoboa pistoni, na bei ya pistoni haifanani na akiba iliyopatikana kwa kununua petroli rahisi.

Kwa upande wa pili, injini ibanayo kidogo haina haja ya uvumilivu mwingi. Mwenye kuitilia petroli ghali hupata hasara tu.

Mshauri wa kweli ni kitabu cha gari. Mara nyingi namba huandikwa pia kwenye kifuniko cha tangi. Lakini yafaa kuisoma kwa uangalifu. Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, hata 87 ya kwao hukaribia 91 au 92 ya kipimo cha RON kitumiwacho Kenya. Huko Japani, yanakotoka magari mengi ya Kenya, petroli ya kawaida haipungui 89 ya RON, na ile ya juu haipungui 96.

Mahali nako kuna neno. Hewa ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni nyepesi, basi injini hubana hewa kidogo. Gari lililokuwa kimya huko laweza kuanza kugonga likifika kwenye joto la Mombasa. Magari ya siku hizi mengi husikia mgongo huo na kuichelewesha cheche yenyewe. Injini husalimika, ila nguvu hupungua.

Ikiwa petroli ni ile iliyoagizwa na kitabu na mlio haukomi, fundi atazame masizi ndani ya silinda, maji ya kupoza injini, na majira ya cheche.